Simu ya Nzioka Iliyobaki Mezani

CHAMA CHA USTAWI WA WAFANYAKAZI
KIWANDA CHA MATUNDA WENDO, KWA VONZA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO MAALUMU KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 13 DESEMBA 2025, KATIKA CHUMBA CHA MIZANI, KUANZIA SAA SITA UNUSU MCHANA

WALIOHUDHURIA
Bi. Kalunde, msimamizi wa makreti – Mwenyekiti
Bi. Zulekha Abdulatif, mapokezi – Katibu
Bi. Halima, karani wa oda – Mjumbe
Bw. Kaloki, afisa wa nyanjani, Kanyangi – Mjumbe
Bw. Musyimi, Meneja wa Shughuli – kwa niaba ya uongozi

WALIOTOA UDHURU
Bw. Nzioka, karani wa lori – yuko Mbooni kwa wakwe, kwa ajili ya ntheo, yaani kupeleka mbuzi wa kuoa
Bw. Kimeu, dereva – yuko barabarani na lori

ASIYEHUDHURIA BILA UDHURU
Bi. Kaveke, stoo – hakuleta udhuru, ingawa muda wote wa kikao alionekana yuko hewani

ALIYEALIKWA
Simu ya Bw. Nzioka, kwa masharti yaliyoelezwa katika KUMB. NA. 3

KUMB. NA. 1/12/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kumwomba Bw. Kaloki afungue kwa maombi. Bw. Kaloki aliomba kwa Kikamba na kwa kirefu, akiwataja Nzioka, mke wake Kathini na mbuzi wote watatu. Katibu aliitikia amina kwa niaba yake na ya Bi. Halima.

Mwenyekiti alipitisha kiondo chake na kuagiza kila mtu azime simu na kuitia ndani. Bw. Musyimi alieleza kwamba yake haiwezi kuzimwa kwa sababu wakubwa wa Nairobi wanaweza kupiga. Mwenyekiti aliuliza kama Nairobi hakuna Jumamosi. Ilikubaliwa kwamba simu ya meneja iingie kiondoni ikiwa imewashwa, na kiondo kikae karibu naye ili asipate homa.

Simu ya Bw. Nzioka iliwekwa katikati ya meza, juu ya kitambaa cha Bi. Halima.

KUMB. NA. 2/12/2025: YANAYOTUPATA NYUMBANI

Mwenyekiti alieleza kwamba tangu kazi ihamishiwe kwenye simu, na kila mtu kuingizwa katika grupu la Wendo Kazi, kengele ya jioni imekuwa pambo. Mtu hutoka langoni, na kazi inamfuata mpaka jikoni. Aliwaomba wajumbe waeleze yanayowapata majumbani, kwa ufupi na bila kumwangalia mtu. Wajumbe walieleza kwa urefu, na wote walimwangalia Bw. Musyimi.

Bi. Halima alieleza kwamba Ramadhani iliyopita alikuwa akifuturu tende mkono mmoja na simu mkono mwingine, akithibitisha oda. Jioni moja mumewe alichukua sahani yake na kwenda kufuturu kwa mama yake, na akaendelea hivyo hadi mwezi ukaisha. "Hakunigombeza," alisema. "Angenigombeza ningeshukuru."

Mwenyekiti alieleza kwamba mjukuu wake anayeishi naye alichelewa kusema, na watu wa nyumbani walikuwa wamengoja sana kusikia neno lake la kwanza. Aliposema, alisema: "Sawa bosi, nimeona." Wajumbe walicheka. Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba yeye hakucheka siku ile na leo pia hakucheka.

Bw. Kaloki alieleza kwamba kanisani kwao Kanyangi yeye ndiye mwenye spika, na simu yake huunganishwa nazo ili kwaya ipate mdundo. Jumapili moja, Pasta akiwa katikati ya maombi, ujumbe wa sauti uliingia na kidole cha Bw. Kaloki kikaugusa kwa mazoea. Pasta alikuwa anamwomba Mungu awajibu waumini wake. Spika zilijibu kwa sauti ya Bw. Musyimi: "Hiyo mzigo yote imeoza, na nyinyi ndio wa kulaumiwa!" Waumini kadhaa walipiga magoti. Mama mmoja aliinuka akaungama jambo ambalo Katibu halitaji, kwa kuwa mumewe huleta maembe hapa.

Bw. Musyimi alijibu kwamba malalamiko hayo ameyasikia, lakini "embe haijui Sunday. Ikiiva, imeiva." Mgala muue na haki umpe: hilo ni kweli, na liliandikwa. Aliongeza kwamba yeye pia hupigiwa na Nairobi kabla hajaoga na baada ya kulala. "Kwani mnafikiri mimi napenda?" aliuliza. Ilionekana kwamba katika kiwanda chote hakuna mtu aliyewahi kulifikiria swali hilo, na kikao kiliendelea.

KUMB. NA. 3/12/2025: SUALA LA BW. NZIOKA, NA MASHARTI YA LEO

Kwa faida ya watakaosoma baadaye, Mwenyekiti aliagiza suala hili liandikwe tangu mwanzo.

Bw. Nzioka na Bi. Kathini wanaishi pamoja na wanatarajia mtoto. Hata hivyo, kwa Wakamba mtu hajaoa mpaka apeleke mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa mke na wazee wawapokee, yeye mwenyewe akiwa hapo. Bila ntheo, Kathini bado ni binti wa baba yake, na mtoto atakayezaliwa ni wa huko huko.

Mwezi uliopita Bw. Nzioka alipeleka mbuzi Mbooni kwa baba mkwe, Mzee Mwangangi. Wazee walikuwa wameketi na beberu ameshaletwa mbele. Wakati huo huo grupu lilitoa mlio. Lori lilikuwa limesimamishwa kwenye kizuizi cha ukaguzi, mkaguzi alitaka namba ya mzigo, na Bw. Musyimi alikuwa ameandika: "NZIOKA. NAMBA. SASA HIVI." Boma la Mzee Mwangangi liko bondeni, na netiwaki yake ni ya kubahatisha: ujumbe huingia, lakini hautoki. Bw. Nzioka aliomba ruhusa ya dakika moja, akapanda mlima hadi kwenye tangi la maji, akatuma namba, akaulizwa nyingine, akatuma hiyo pia. Wazee walimwita mara ya kwanza, wakamwita mara ya pili. Aliporudi alikuta mbuzi wamefunguliwa kamba na kuelekezwa njiani. Mzee Mwangangi alisema: "Huyu ameshaoa simu. Mimi sipeani msichana awe bibi ya pili."

Bi. Kathini aliondoka nyuma ya mbuzi, akilia. Wiki hiyo binamu zake walimpigia kumwuliza kama ni kweli kwamba amerudishwa pamoja na mifugo. Baadaye wazee walilegea, wakatoa siku moja zaidi, nayo ni leo. Walisema wazi kwamba hakutakuwa na nyingine.

Bw. Musyimi alikuwa amemkubalia Bw. Nzioka aende, lakini "akuwe hewani tu." Chama kilikataa. Katika kikao cha dharura cha wiki iliyopita yalifikiwa makubaliano yafuatayo, ambayo Katibu aliyasoma tena leo kwa ombi la Bw. Musyimi mwenyewe:

Bw. Nzioka aende Mbooni bila simu. Simu yake ibaki mbele ya kikao hiki. Kila ujumbe utakaoingia humo usomwe kwa sauti, na kila mtu atakayepiga asikilizwe na wote, wajibiwe papo hapo kutoka simu hiyo hiyo, na iandikwe. Yote yakijibiwa, chama kiruhusiwe kuleta hoja yake ya simu. Ujumbe hata mmoja usipojibiwa, hoja ife, na Jumatatu Bw. Nzioka apokee barua ya onyo ya tatu, ambayo kwa kanuni za kiwanda ndiyo ya kumwondoa kazini.

Bi. Halima alikumbusha kwamba chama kilitaka maneno yawe "ujumbe wa kazi," na Bw. Musyimi ndiye aliyesisitiza "kila ujumbe," akirudia neno "kila" mara mbili na kugonga meza. Bw. Musyimi alithibitisha kwamba ndivyo alivyosema na hajabadilisha nia. Barua ya onyo alikuwa nayo mfukoni mwa shati, na kona yake ilionekana na watu wote.

Mwenyekiti alieleza jinsi chama kilivyojiandaa. Zamani shamba la mtu likimshinda, majirani walikuja na majembe yao wakafanya mwethya, yaani kazi ya pamoja, wakamaliza, wakaenda kwa mwingine. Wafanyakazi walikuwa wameamua kuilima simu ya Nzioka hivyo hivyo. Kila mmoja alikuwa amemfundisha mwenzake kazi yake, na namba zote za mizigo ya leo zilikuwa zimeandikwa kwa chaki kwenye ubao ulio ukutani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Bw. Musyimi alisema kwamba ule ubao alidhani ni wa kuandika majina ya wanaochelewa.

KUMB. NA. 4/12/2025: YALIYOINGIA SIMUNI

Wa kwanza kuandika alikuwa Bi. Kasiva wa kituo cha kukusanyia maembe, Kanyangi. Makreti yalikuwa yamepungua, na aliuliza kama maembe ya Ngowe yanaweza kuwekwa kreti moja na yale ya Apple. Bw. Kaloki alisema yachanganywe, ni leo tu. Bi. Halima alisema mteja hataki. Walibishana, na Bw. Musyimi akaegemea kiti kama mtu anayetazama mpira timu yake ikiongoza. Mwenyekiti aliwanyamazisha. Alisema Ngowe huiva kwanza, na yakiwekwa chini ya Apple yatafika Mombasa yakiwa uji. Aliagiza Kasiva aandikiwe atumie magunia safi kwa Ngowe na makreti kwa Apple.

Jibu liliandikwa, likakataa kwenda. Bando la Bw. Nzioka lilikuwa limeisha.

Bw. Musyimi aliomba iandikwe kwamba ujumbe haukujibiwa. Hapo zilitokea kelele, ambazo Katibu anazifupisha. Bi. Halima alisema kwamba tangu kazi ihamie kwenye simu, kiwanda hakijawahi kumnunulia mtu bando, watu wanatoa mfukoni ili wasumbuliwe, na mtu mmoja tu chumbani ndiye mwenye bando la kampuni. Alimwomba mtu huyo awagawie wenzake. Mtu huyo alisema bando la kampuni ni la shughuli za kampuni. Bi. Halima aliuliza Kasiva anapakia maembe ya nani, ya shangazi yake? Mwenyekiti aligonga meza kwa mawe ya mizani.

Bw. Kaloki alisimama, akachukua simu yake kiondoni, akaiwasha, akaiunganisha na ya Nzioka, na jibu likaenda. Bando hilo alikuwa amelinunua kwa ajili ya mechi ya jioni. Kikao kilimshukuru kwa makofi. Bi. Kasiva alijibu: "Asante Nzioka, leo umejibu vizuri hata bila kunikasirikia." Hilo nalo lilijibiwa: "Karibu."

Ziliingia jumbe nyingine tatu au nne za kawaida, zikajibiwa na aliyejua. Kisha simu ililia. Alikuwa Bw. Kimeu, dereva, na alianza kupiga kelele kabla hajasalimiwa.

"Nzioka! Nzioka wewe! Niko hapa kwa kizuizi tena! Ni yule yule wa siku ile, anataka namba ya mzigo!"

Mwenyekiti alimwambia kwamba huyu si Nzioka, ni wao.

"Nyinyi akina nani?"

"Sisi wote," Mwenyekiti alisema.

Bi. Halima alisimama mbele ya ubao akasoma namba taratibu, na Bw. Kimeu akairudia kwa mkaguzi. Kisha injini ilisikika ikiwaka, na Bw. Kimeu akasema: "Amefungua! Aiya, amefungua! Mwambieni Nzioka akule nyama na ya kwangu!" Ikumbukwe kwamba hili ndilo jambo lile lile lililomrudisha Nzioka na mbuzi wake mwezi uliopita. Leo lilimalizika kabla chai ya Bw. Kaloki haijapoa, na Nzioka hana habari nalo mpaka sasa.

Wajumbe walifurahi mapema mno. Saa saba ilikuwa imeshapita.

KUMB. NA. 5/12/2025: UJUMBE WA BI. KASYOKA

Simu ya Nzioka ilitoa mlio wa grupu. Aliyeandika alikuwa Bi. Kasyoka, mke wa Bw. Musyimi. Yeye ndiye hutupikia chakula cha mchana siku za kazi, na aliingizwa katika Wendo Kazi ili ajue ni sahani ngapi. Kabla ya leo hakuwahi kuandika humo ila kuhusu maharagwe. Katibu aliusoma ujumbe wote kwa sauti, kama masharti yalivyotaka:

"Mr Musyimi, salamu. Ni Kasyoka, bibi yako. Naomba wenye grupu wanisamehe. Nimekupigia asubuhi yote hushiki. Nimekuandikia kwa simu yako husomi. Hapa kwa grupu huwa unajibu hata mtu kabla amalize, ndio maana nimekuja hapa. Kanyiva amekuja kutoka shule na hajakula na wewe hata siku moja. Leo uliahidi saa saba. Kuku imeiva tangu hiyo saa. Ameniuliza kama siku hizi unaishi Nairobi. Nimwambie nini?"

Kufika katikati, sauti ya Katibu haikuwa tena ile ya mapokezi.

Hakuna aliyecheka. Bw. Kaloki aliuliza kwa sauti ya chini kama wajumbe wasaidie kujibu kwa mwethya. Mwenyekiti alisema: "Hii hapana. Hii ni shamba yake."

Bw. Musyimi alisema kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, si ya kazi, na yasihesabiwe. Bi. Halima aliomba masharti yasomwe. Katibu aliyasoma. Neno lilikuwa "kila." Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini ukweli ni kwamba wakati huo hata waliokuwa wamemkasirikia hawakufurahia kumwona humo.

Kisha jambo lilidhihirika kwa wote kwa pamoja, na Katibu analiandika bila kulipamba. Ujumbe ule hakuna mwingine angeweza kuujibu. Bw. Musyimi akinyamaza, ujumbe unabaki bila jibu, hoja inakufa, na Nzioka anapoteza kazi siku chache baada ya kupata mke. Meneja alihitaji tu kukaa kimya na ushindi ungekuwa wake. Alilijua hilo, na mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wenye barua. Katibu anakiri kwamba aliogopa. Mwenyekiti alikuwa ameshika ukingo wa mizani, na mshale wa mizani ulikuwa unatikisika.

Bw. Musyimi aliangalia ile simu. Aliuliza, si kwa mtu yeyote: "Ameandika hapa kwa sababu hapa ndio najibu?"

Bi. Halima alisema, kwa upole ambao haujawahi kuandikwa katika kumbukumbu hizi, "Ndivyo alivyosema, Bwana Musyimi."

Bw. Musyimi aliomba aruhusiwe kutoa simu yake kiondoni ajibu kwayo. Bw. Kaloki alipinga, akasema masharti yanataka simu hiyo hiyo. Bw. Musyimi hakubisha. Alichukua simu ya Nzioka akaandika: "Ni mimi. Mwambie Kanyiva nakuja."

Jibu la Bi. Kasyoka lilikuja mara moja: "Nzioka, wacha mchezo. Nyumba ya mtu si ya kuchezea. Shughulika na ntheo yako."

Hapo kikao kilishindwa kujizuia. Mwenyekiti, ambaye hakucheka kuhusu mjukuu wake, alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Bw. Musyimi mwenyewe alianza kucheka, kwanza kama mtu anayekohoa, kisha kabisa. Ilibidi ajibu kwa sauti ili aaminiwe. Aligeukia ukutani, akaongea na simu kwa Kikamba, polepole. Katibu amezaliwa Kitui, na Kikamba anakisikia kuliko watu wanavyodhani, lakini maneno yale ameamua kutoyaandika.

Bi. Kasyoka aliandika: "Kuja na soda."

Mwenyekiti alimwuliza Katibu kama ujumbe huo wa mwisho nao unahitaji jibu. Bw. Musyimi alikuwa ameshajibu.

KUMB. NA. 6/12/2025: HOJA YA SIMU

Bi. Halima alisimama kuleta hoja kama ilivyopangwa. Bw. Musyimi alimwomba akae. "Hiyo hoja niachie mimi," alisema. "Nitaitoa mwenyewe, wewe uniunge mkono." Mwenyekiti alisema hakuna kanuni inayozuia. Hoja ilitolewa na Bw. Musyimi, ikaungwa mkono na Bi. Halima, ambaye alikuwa ameingoja kwa muda mrefu mno hata asikasirike kwamba imetolewa na mtu mwingine.

Iliazimiwa kwamba kengele ya jioni ikilia, kazi iishie langoni. Grupu la Wendo Kazi linyamaze kuanzia kengele hiyo hadi kengele ya asubuhi, na siku nzima ya Jumapili. Ijumaa mchana wanaokwenda msikitini wasitafutwe mpaka warudi.

Kwa kuwa ni kweli embe haijui Jumapili, kiwanda kinunue simu moja na bando lake. Simu hiyo ishikwe kwa zamu kama mwethya, meneja naye akiwa na zamu yake, na anayeishika apate siku ya kupumzika badala yake.

Mtu aliyeko kwenye ntheo, mazishi, harusi au hospitalini asipigiwe kwa sababu yoyote. Bw. Musyimi aliongeza mwenyewe: "au anayekula na mtoto wake." Iliongezwa.

Nairobi wataarifiwa na Bw. Musyimi. Alipoulizwa atawaambia nini, alisema atawaambia lori lilipita.

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Wote walikubali. Bw. Kaloki aliinua yote miwili na kuhesabiwa mara moja.

Bw. Musyimi alitoa barua ya onyo mfukoni, akaichana vipande, na kwa kuwa hapakuwa na pipa, akavirudisha mfukoni. Kisha aliomba udhuru na kutoka. Aliondoka akikimbia. Wafanyakazi wameshamwona akikimbilia mashine, lori na simu, lakini kukimbilia nyumbani ilikuwa mara ya kwanza.

KUMB. NA. 7/12/2025: SIMU YA MENEJA

Muda mfupi baadaye kiondo kilianza kulia. Ilikuwa simu ya Bw. Musyimi, aliyokuwa ameisahau, na kioo kilionyesha: NAIROBI OFISI.

Bw. Kaloki alinyoosha mkono kwa mazoea. Mwenyekiti alimshika kiganja. "Ni simu ya nani?" aliuliza.

"Ya bosi."

"Bosi anafanya nini?"

"Anakula na mtoto wake, mwaitu," Bw. Kaloki alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Azimio linasema nini?"

Simu ililia mpaka ikachoka. Ililia tena. Wajumbe waliketi wakiiangalia, mikono magotini. Ilinyamaza. Paa halikuanguka, na hakuna embe lililolia. Mwenyekiti aliizima, akairudisha kiondoni na kuifunika kwa leso yake. Bw. Kaloki naye aliikumbuka yake, akaizima.

KUMB. NA. 8/12/2025: HABARI KUTOKA MBOONI

Wajumbe walikuwa wakijiandaa kufunga kikao, simu ya Nzioka ikalia, kwa namba isiyojulikana. Kwa kuwa masharti yalikuwa hayajaisha, Mwenyekiti alipokea na kuiweka sauti ya wazi.

"Halo? Ni Kathini. Nimepanda hapa kwa tangi na simu ya mamangu. Mko wote?"

Mwenyekiti alisema wako wote isipokuwa aliyekimbilia soda. Bi. Kathini hakungoja kuelezwa.

"Wamepokea! Mbuzi wote wamepokelewa! Nzioka hakuinuka hata mara moja. Baba alimuuliza simu iko wapi, akasema imebaki kazini. Baba akamuuliza tena, akasema, 'Mzee, simu imebaki kazini, mimi nimekuja hapa.' Baba akasema kisu kiletwe." Kisha alimwita Mwenyekiti. "Mama Kalunde, mimi ni bibi ya mtu sasa. Hata binamu zangu wanaosha sufuria kimya."

Mzee Mwangangi alisikika akimwomba simu. Alikuwa amepanda mlima nyuma ya binti yake na alikuwa anahema. Alisema hana maneno mengi. "Yule kijana mliniletea ile siku nyingine, mimi sikumjua. Huyu wa leo ndiye nilikuwa nangoja. Asanteni."

Nyuma yake, kutoka bondeni, vigelegele vya wanawake wa Mbooni vilisikika vikipanda. Mwenyekiti alivijibu kutoka chumba cha mizani. Bi. Halima alimpokea kwa vile vya bibi yake mzaa mama, virefu na vyenye kona, na Mbooni wakanyamaza kidogo kuvisikiliza kabla ya kujibu kwa nguvu zaidi. Bw. Kaloki alicheza juu ya mizani mpaka mshale ukazunguka pande zote. Katibu aliandika kwa mkono mmoja na kupiga meza kwa mwingine, na mwandiko wa sehemu hii usamehewe.

Simu ya Bw. Nzioka ilizimwa na Mwenyekiti. Hapakuwa na ujumbe wowote uliobaki bila jibu.

KUMB. NA. 9/12/2025: KUFUNGA KIKAO

Bi. Halima aliomba dua, na Bw. Kaloki akaitikia amina.

Mwenyekiti alimwuliza Katibu ni saa ngapi, ili iandikwe. Ilibainika kwamba saa ya ukutani iliondolewa mwaka jana kwa hoja kwamba kila mtu ana simu, na kwamba simu zote zimezimwa na ziko kiondoni. Bw. Kaloki alijitolea kuwasha moja, kidogo tu. Mwenyekiti alimwuliza kama azimio lianze kuvunjwa na waliolipitisha. Katibu alitoka nje kuangalia. Jua lilikuwa limeshaacha ukuta wa stoo, na akina mama wa soko walikuwa wanakunja maturubai yao. Kikao kilifungwa wakati huo, na kila mtu akaenda nyumbani.

Mwenyekiti: Kalunde ........................ (sahihi)

Katibu: Zulekha Abdulatif ........................ (sahihi)

Nakala: Grupu la Wendo Kazi. Itumwe Jumatatu, baada ya kengele ya asubuhi.